Cheti cha kuzaliwa kimepotea: uende wilayani, uombe eRITA au umtume mtu? Na ukikipata, ukiweke wapi?

Kila mwaka dirisha la mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, maswali ni yale yale. Cheti cha kuzaliwa hakionekani. Au kinaonekana, lakini panya ameondoka na kona yenye namba. Au kipo kizima, ila kwenye cheti jina ni Khamis na kwenye matokeo ya kidato cha nne ni Hamisi. Siku zilizobaki ni chache na kila mtu ana ushauri wake: mmoja anakwambia nenda wilayani, mwingine anakwambia mambo yote siku hizi ni mtandaoni, wa tatu ana kijana wake "anayejuana na watu kule ndani".

Ulinganisho huu ni wa aliyekwama katikati ya ushauri wa namna hiyo. Nimeugawa sehemu mbili, kwa sababu wengi wanahangaika kupata cheti, wakishakipata wanakitia chini ya godoro, na baada ya miaka mitano wanaanza upya. Nazungumzia Tanzania Bara, ambako vyeti hivi hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, na mfumo wake wa maombi ya mtandaoni ndio eRITA. Aliyezaliwa Unguja au Pemba anahudumiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na aliyezaliwa Kenya anaanzia eCitizen au Huduma Centre iliyo jirani naye.

Kabla ya kuchagua njia: umesajiliwa au hujasajiliwa?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezea muda, kwa hiyo tulimalize kwanza.

Cheti ni dondoo ya kile kilichoandikwa kwenye rejista ya vizazi chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Karatasi yako ikiungua au ikiibwa, ingizo lako kwenye rejista linabaki. Aliyepoteza cheti anaomba kingine kwa ingizo lile lile, hasajiliwi upya. Wapo wanaoona upekuzi, yaani kutafutwa kwa ingizo lao kwenye rejista, unachelewa wakaamua kujiandikisha kana kwamba hawajawahi kusajiliwa. Matokeo yake mtu mmoja anakuwa na maingizo mawili yenye namba tofauti, pengine hata tarehe tofauti, na atakuja kutakiwa ajieleze siku ya uhakiki, wakati ambao hana nafasi ya kujieleza.

Asiyewahi kusajiliwa yuko kwenye hali nyingine kabisa. Huyu ana tangazo la kizazi alilopewa mama yake hospitali, au kadi ya kliniki, au cheti cha ubatizo, na pengine amekuwa akikitumia kama cheti cha kuzaliwa muda wote huo. Hana nakala ya kuomba, anaomba usajili. Sheria inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90. Zikipita ni usajili uliochelewa, na kadiri umri unavyosogea ndivyo vielelezo vinavyodaiwa vinavyoongezeka: cheti cha kumaliza elimu ya msingi, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, nyaraka za wazazi.

Kama huna hakika uko upande gani, waulize wazazi au walezi swali moja: cheti kiliwahi kutoka? Wakisema kiliwahi, omba upekuzi kwanza.

Vigezo nilivyotumia

Kwa kila njia ya kupata cheti nimeangalia mambo matano. La kwanza, karatasi utakayopata itapita kwenye uhakiki? La pili, gharama yote, na hapa nahesabu nauli, siku ya kazi iliyopotea na hela ya steshenari, kwa sababu ada ya serikali mara nyingi ndiyo sehemu ndogo. La tatu, muda. La nne, makosa yakionekana unayarekebisha vipi. La tano, ni nani na nani watakaobaki na taarifa zako.

Viwango vya ada sitavitaja. Vinabadilika, na vinatofautiana kulingana na umri wa mwombaji na aina ya huduma. Vitazame kwenye tangazo la RITA siku unayoomba.

Njia ya kwanza: kwenda mwenyewe ofisi ya wilaya

Msajili wa wilaya yuko kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Wakazi wa Dar es Salaam wanaweza pia kufika makao ya RITA katikati ya jiji, jengo la RITA Tower. Unaeleza shida yako, unajaza fomu, unaambatisha ulivyo navyo, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali na unalipa kwa simu au benki. Ofisa akikuomba fedha taslimu mkononi, huo sio utaratibu.

Kwa uhakiki njia hii haina wasiwasi: cheti kinatoka mahali rejista inapotoka. Faida yake kubwa lakini ni kwenye makosa. Kumbukumbu za miaka ya 1970, 1980 na 1990 ziliandikwa kwa mkono au kwa taipureta, na mwandishi aliandika jina kama alivyolisikia. Ally na Ali, Mwajuma na Mwanajuma, Hamis na Khamis. Ukiwa umesimama mbele ya ofisa mnaweza kujaribu tahajia nne, mkaangalia mwaka wa juu na wa chini, ukataja jina la mama badala ya la baba. Mtu akiwa na mashaka anakuuliza na wewe unajibu hapo hapo. Kazi hiyo ya kutafuta kwa kubahatisha mfumo wa kompyuta hauwezi kuifanya vizuri, kwa sababu wenyewe unatafuta herufi ulizoandika.

Gharama ndiyo inayouma. Mtu aliyezaliwa Kasulu anayefanya kazi Mbezi akifunga safari, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na malazi inaweza kuzidi ada ya cheti mara kadhaa, na hakuna anayekuahidi kwamba utarudi na karatasi mkononi. Muda unategemea foleni na hali ya kumbukumbu za wilaya hiyo. Epuka miezi ya maombi ya mikopo kama unaweza. Ofisi hujaa vijana kuanzia asubuhi.

Kwa usiri, njia hii ni safi: karatasi zako zinapita mkononi mwa ofisa na zinabaki ofisini.

Inamfaa mwenye cheti cha zamani sana, mwenye utata wa majina, na yeyote anayeishi wilaya ile ile alikozaliwa.

Njia ya pili: eRITA

Unafungua akaunti kwenye tovuti ya erita.rita.go.tz, unachagua huduma, unajaza taarifa, unapakia vielelezo vilivyoskaniwa, unapata namba ya malipo, unalipa, kisha unafuatilia ombi lako ukiwa kwako. Mfumo huo huo ndio unaotumika kuhakiki vyeti kwa wanafunzi wanaoomba mkopo HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa hiyo hata asiyehitaji cheti kipya huenda akapita humo siku moja.

Gharama inashuka sana kwa aliye mbali. Muda nao huwa mzuri endapo taarifa zako zimeshaingizwa kwenye mfumo na unazo namba: namba ya ingizo, mwaka wa usajili, wilaya. Namba ya ingizo iko usoni mwa cheti, na ndiyo inayompeleka ofisa moja kwa moja kwenye mstari wako. Aliyeihifadhi, hata kwa picha hafifu ya cheti kilichopotea, ana nafuu kubwa kuliko aliyebaki na jina na mwaka wa kuzaliwa. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu cha kwanza cha kunakili kwenye daftari la familia leo hii, kabla hata ya kufikiria kabati la kuhifadhia.

Kwenye makosa njia hii ni ngumu zaidi. Picha ikiwa na kivuli au ukingo umekatika, ombi linarudishwa. Jina likitofautiana na rejista, linarudishwa. Unasahihisha, unatuma tena, unasubiri tena. Mtu mvumilivu anayesoma maelezo anamaliza. Mwenye haraka anatuma ombi jipya juu ya lile la kwanza na kujiongezea mkanganyiko. Soma pia kwa makini sehemu inayosema cheti utakipata wapi na kwa namna gani, usije ukachagua kituo kilicho mkoa mwingine.

Usiri unategemea umefungulia wapi hiyo akaunti. Nenda steshenari yoyote karibu na shule ya sekondari au chuo, utazame skrini ya kompyuta ya mbele. Imejaa mafaili: "cheti cha kuzaliwa Neema", "NIDA ya Juma", "form four Asha final final". Wenyewe walishaondoka zamani. Barua pepe za wengine ziko wazi bado, na nywila zimehifadhiwa kwenye kivinjari. Mwenye duka mara nyingi ni mtu mwema aliyezidiwa na wateja, lakini kompyuta ile inaguswa na kila mtu. Na cheti cha kuzaliwa kina majina yako, tarehe yako ya kuzaliwa na jina la mama yako, na hayo ndiyo maswali anayoulizwa mtu anayetafuta namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kwa simu au mtandaoni. Aliye na cheti chako anaweza kufika kwenye namba yako ya NIDA. Ukilazimika kutumia steshenari, tumia akaunti na nywila yako mwenyewe, kaa pembeni mpaka mwisho, futa faili kwenye kompyuta na kwenye kapu la taka, kisha toka kwenye barua pepe kabla hujanyanyuka.

Inamfaa aliye mbali na wilaya yake, mwenye namba ya ingizo, na anayeweza kusoma na kujaza fomu bila kukimbizwa.

Njia ya tatu: kumtuma mtu

Tutenganishe watu wawili. Yupo ndugu yako, kaka au shangazi anayeishi wilayani ulikozaliwa, anayekwenda ofisini kwa niaba yako. Na yupo kishoka anayesimama nje ya geti au anayejitangaza WhatsApp.

Ndugu ni msaada halali na mara nyingi ndiye anayeokoa safari ya siku mbili. Mpe barua ya kumruhusu, nakala ya kitambulisho chako na cha kwake, na taarifa zote zikiwa zimeandikwa, asizibebe kichwani. Mwambie apige picha stakabadhi. Mwambie pia asome cheti herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani: majina matatu, tarehe, jinsia, mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi. Kosa linaloonekana pale pale ni rahisi kulishughulikia. Likionekana baada ya miezi sita linaanza kudai hati ya kiapo na maelezo marefu.

Kishoka anauza kasi. Wapo wanaofanya tu kazi ya kukaa foleni na kujaza fomu, cheti wanacholeta ni halali, na mtu mwenye kazi ngumu anaweza kuona hela aliyompa ni sawa na siku aliyookoa. Sikatai kwamba yapo mazingira hayo. Shida ni kwamba wewe huwezi kumtofautisha huyo na yule anayechapa vyeti uchochoroni. Karatasi zinafanana, muhuri unafanana, tofauti inakuja kuonekana namba ikiingizwa kwenye mfumo na rejista haina ingizo hilo. Kughushi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na anayekutwa na karatasi mkononi ni wewe, sio yeye. Mwaka 2017 uhakiki wa watumishi wa umma uliibua zaidi ya watumishi 9,900 wenye vyeti vya kughushi. Vile vilikuwa vya shule, ila tangu hapo ofisi nyingi zimezoea kuhakiki karatasi kabla ya kuiamini.

Kwa usiri, ndugu anajua taarifa zako tayari. Kishoka anabaki na nakala ya kila ulichompa, na hutajua aliipeleka wapi.

Kumtuma ndugu kunamfaa aliye nje ya nchi, mgonjwa na mzazi mzee. Ukiletewa cheti na mtu mwingine yeyote, kihakiki mwenyewe eRITA kabla hujakipeleka popote.

Vipi kuhusu hati ya kiapo?

Wengi wanaiuliza kwa sababu inapatikana kwa mwanasheria ndani ya saa moja. Hati ya kiapo cha kuzaliwa ina kazi yake: kwenye maombi ya pasipoti, kwa mfano, mzazi aliyezaliwa zamani na asiye na cheti anaweza kuwakilishwa nayo. Kwa mwombaji mwenyewe haichukui nafasi ya cheti. Ichukulie kama kielelezo cha kusaidia, hasa pale majina yanapotofautiana kati ya nyaraka mbili, na uulize ofisi husika kama inaikubali kabla hujamlipa mwanasheria.

Sehemu ya pili: kukitunza

Hapa vigezo vinabadilika kidogo. Swali la kwanza: hatari ipi kubwa kwako, ya moto, maji, mchwa, wizi au kuhamahama? La pili: ukikihitaji kesho saa mbili asubuhi, unakifikia? La tatu: kilichohifadhiwa kitakubalika kama kilivyo? La nne: nani mwingine anaweza kukifungua?

Karatasi halisi nyumbani

Unakifikia muda wowote na kinakubalika kila mahali, mradi kiwe kizima. Hatari zinategemea unaishi wapi. Pwani adui ni unyevu: karatasi inavimba, wino wa muhuri unasambaa, ukungu unaingia. Bara kwenye nyumba za tofali za udongo adui ni mchwa, na haji kwa hodi. Mabondeni ni maji. Desemba 2023 maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh, wilayani Hanang, nyumba ziliondoka na kila kilichokuwamo. Kwenye hali kama ile hakuna sanduku la bati litakalokusaidia.

Kwa siku za kawaida sanduku linasaidia sana. Liweke juu ya stuli au matofali, lisiguse sakafu wala ukuta. Cheti kitie kwenye bahasha ya karatasi, kisha bahasha ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika. Usikibane moja kwa moja kwenye zile faili laini za plastiki zenye harufu kali, kwa sababu baada ya muda maandishi ya mashine yanagandia kwenye plastiki na ukivuta yanabaki huko. Kukunja nako ni adui wa pole pole: mkunjo ukipita juu ya tarehe, baada ya miaka kumi tarehe haisomeki.

Na laminesheni. Najua inavutia, karatasi inakuwa ngumu na inang'aa, na watu wanaifanya kwa nia njema ya kulinda. Naomba usifanye. Ofisa anayetaka kugusa karatasi, kuangalia muhuri kwa pembeni au kugonga muhuri mwingine nyuma yake hawezi tena. Ukija kutaka kukitumia nje ya nchi, Wizara ya Mambo ya Nje inahitaji mahali pa kuweka uthibitisho wake, na ubalozi nao vivyo hivyo. Kuibandua haiwezekani bila kuchana. Laminesha fotokopi ukipenda.

Karatasi halisi mahali pengine

Baadhi ya benki zina huduma ya kutunza nyaraka za wateja. Wengine wanaacha kwa wazazi kijijini, kwa kaka mkubwa, au kwenye kabati la chuma la ofisi. Faida ni kwamba nyumba yako ikipata janga, cheti hakimo. Hasara ni kukifikia: benki haifunguliwi Jumapili, na kaka mkubwa anaweza kuwa safarini.

Njia hii naiona nzuri kwa wapangaji wanaohama mara kwa mara na kwa wanandoa ambao hawana uhakika wa amani nyumbani. Hili la pili halisemwi sana, lakini lipo: vyeti vya watoto hufungiwa kabatini na upande mmoja ili mwingine asiondoke. Mama au baba aliye kwenye hali hiyo aandike namba za maingizo ya wanawe mahali salama. Akiwa na namba, anaweza kuomba vyeti vingine RITA.

Nakala zilizogongwa muhuri na wakili

Unapeleka cheti halisi na fotokopi kwa wakili ambaye ni kamishna wa viapo; analinganisha, anagonga muhuri na kusaini kwamba ni nakala sahihi. Matangazo mengi ya kazi na maombi ya vyuo yanataka hizi. Uzuri wake ni kwamba cheti halisi kinabaki nyumbani, hakizungushwi kwenye daladala.

Mipaka yake ni miwili. Kwanza, taasisi nyingi zinataka muhuri wa karibuni, kwa hiyo kugonga nakala 20 leo kwa ajili ya miaka kumi ijayo ni kupoteza hela. Tatu au nne zinatosha. Pili, wakili anathibitisha kwamba nakala inafanana na karatasi aliyoletewa. Kama karatasi hiyo ilikuwa ya kughushi, muhuri wake hauifanyi kuwa halali, na uhakiki wa RITA utaikataa vile vile. Na mpelekee halisi, usimpelekee fotokopi ya fotokopi. Wakili makini hatagonga.

Picha na skani

Haina gharama, haiogopi mchwa, na ndiyo inayotumika kwenye maombi ya mtandaoni. Skani kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, pande zote mbili, kwenye PDF. Kama unatumia simu, weka cheti juu ya meza karibu na dirisha mchana, simu iwe juu yake moja kwa moja, kona zote nne zionekane. Kisha jaribu kusoma namba ya ingizo kwenye picha. Ikikushinda wewe, ofisa naye itamshinda.

Iweke sehemu mbili: moja kwenye simu au flashi, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye uthibitisho wa hatua mbili. Fikiria mapema itakuwaje simu ikiibwa, maana wengi namba ya simu ndiyo funguo pekee ya barua pepe yao, na laini ikipotea wanabaki nje ya mafaili yao wenyewe. Andika namba za akiba za kufungulia kwenye karatasi, uiweke ndani ya bahasha ile ile ya cheti.

Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili "mtu yeyote akiihitaji aipate". Kundi lina watu 60, simu 60, na wengine simu zao zinachezewa na marafiki wa watoto. Taasisi ikikuomba cheti, una haki ya kuuliza itakitumia kwa kazi gani na itakihifadhi vipi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo kwa ajili hiyo, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Skani peke yake haikubaliki pale panapotakiwa halisi, kwa hiyo haiwezi kuwa kinga yako ya pekee.

Kwa hali yako

Una mtoto wa chini ya miaka mitano. Usisubiri shule. Mpango wa usajili wa watoto hawa ulianzia Mbeya mwaka 2013 na kuenea mkoa kwa mkoa. Cheti hutolewa bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Huandikwa kwa mkono, kwa hiyo nenda na majina yakiwa yameandikwa kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, na ukisome kabla hujamshukuru mwandishi na kuondoka.

Unasubiri matokeo ya kidato cha sita na utaomba mkopo. Toa cheti leo, kilinganishe na cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Vikifanana, fanya uhakiki eRITA mapema dirisha linapofunguliwa. Visipofanana, nenda ofisini ana kwa ana, na uende sasa. Kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo nacho kihakikiwe kwa wakati huo huo.

Unaishi Muscat, London au kwingineko nje. Anza na eRITA kama una namba ya ingizo. Kama huna, mtume ndugu kwa barua. Cheti kikipatikana, kipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje na baadaye ubalozi wa nchi unayoishi kabla hakijasafirishwa, kwa sababu kukirudisha Tanzania kwa ajili ya muhuri mmoja ni ghali. Baki na skani ya kabla na ya baada ya mihuri.

Umeibiwa mkoba wenye nyaraka zote. Kwanza ripoti ya upotevu polisi, maana kila ofisi itakuomba. Halafu kitambulisho, kwa sababu bila hicho hata cheti kitakusumbua. Kisha cheti, kwa njia iliyo karibu nawe.

Cheti chako ni cha zamani, kimechakaa, ila hakijapotea. Usikitupe na usikibandike kwa gundi au selotepu. Kiskani kama kilivyo, nenda nacho ofisini uombe kipya, na cha zamani ukitunze hata baada ya kupata kipya, kwa sababu namba iliyomo ndiyo ushahidi kwamba ulisajiliwa mwaka ule.

Mzazi wako ni mzee na hajawahi kusajiliwa. Hapa uamuzi unategemea anahitaji cheti kwa kazi gani. Kama ni kwa ajili ya pasipoti yako wewe, uliza Uhamiaji kuhusu hati ya kiapo kwanza. Kama ni kwa ajili yake mwenyewe, kwa safari au mambo ya mirathi, anza usajili uliochelewa akiwa bado na kumbukumbu na wakiwapo wazee wenzake wa kumtambua. Kaa naye jioni moja, uandike kila anachokumbuka: kijiji, jina la mkunga au zahanati, shule ya kwanza, jina la mtemi au jumbe wa wakati ule, ndugu waliomfuata. Peleka maelezo hayo yakiwa yameandikwa, pamoja na karatasi yoyote yenye jina lake, hata kadi ya chama au ya ushirika ya zamani, umwachie msajili aamue ipi inafaa.

Mna watoto wengi nyumbani. Bahasha moja kwa kila mtoto, daftari moja la familia lenye namba zote za maingizo, na mtu wa pili nje ya nyumba, shangazi au babu, mwenye nakala ya daftari hilo.